Chumvi ya Siku ya Mgeni

Mimi ni mtu wa maneno mengi, na mwaka ule nilioanza kuvimba miguu nilikuwa naongea na kuku. Sisemi hivyo nionewe huruma. Huruma za watu wa Ujiji nazijua: wanakupa pole mlangoni, wakifika kona wanasema umerogwa na mke mwenzio. Mume wangu alikuwa mchuuzi wa dagaa. Alikwenda Ilagala kununua mzigo, akaoa huko, akabaki huko, akaniachia nyumba ambayo hata si yake, ni ya marehemu baba yangu. Binti yangu wa pekee alikuwa ameolewa Tabora. Basi nikabaki na kuku, na yule kuku naye sikukuu ilipofika nikamchinja.

Na mji ulikuwa umejaa pomoni. Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Boti zilishusha watu pwani nzima, kuanzia Kagunga kule mpakani hadi huku kwetu, watu wamebeba magodoro, wamebeba mbuzi, wamebeba wazazi wao mgongoni. Sokoni hupiti bila kusukumana. Wengi walipelekwa makambini, wachache wakapata vyumba mitaani, wakatulia. Kila nyumba mtaani kwangu ilikuwa na wageni isipokuwa yangu, kwa sababu watu walikuwa wameshaambizana kwamba mwenye nyumba ana ugonjwa usioeleweka.

Ugonjwa wenyewe ulianza na pumzi. Nilikuwa nikibeba ndoo ya maji kutoka bombani nasimama mara mbili, kisha mara tano, kisha nikaacha kubeba. Kulala chali nikashindwa. Nikilala naona kama nazama, ikabidi nikae nimeegemea ukuta mpaka alfajiri. Miguu ikavimba hadi kandambili hazikuingia. Nikanywa miti shamba ya kila aina, nikachanjwa, nikaombewa dua, hakuna kitu. Mwisho nikajikokota hadi hospitali, Kigoma mjini, nikiwa nimeshajiandaa kuambiwa maneno ya mwisho.

Daktari niliyemkuta alikuwa kijana kutoka Dar es Salaam, mpole, na ana tabia ya kuchezea kalamu. Alinisikiliza moyo kwa muda mrefu, akanibonyeza muundi kwa dole gumba. Alipoondoa kidole pakabaki shimo, unaweza kuweka punje ya mahindi na isidondoke. Akaniambia, "Moyo wako haujasimama, mama. Umetanuka, umechoka kusukuma. Maji yanabaki miguuni na kwenye mapafu, ndiyo maana unakosa pumzi." Akanipa vidonge vya kutoa maji, na vingine vya kuutuliza moyo, akanipa na amri moja: chumvi basi. Hata punje.

Nikamuuliza nitapona au sitapona. Hakunidanganya. Alisema ugonjwa huu hauondoki, ila unatunzwa, na kwamba yeye alikuja Kigoma kufanya utafiti juu ya namna ya kuutunza. Dawa alikuwa nazo. Alichotaka kujua ni kama mgonjwa wa moyo anayetembelewa nyumbani na mgonjwa mwenzake ataendelea vizuri kuliko yule anayekuja kliniki tu na kurudi zake.

"Hilo ningekujibu bila kukuchosha na safari ya treni," nikamwambia.

Akacheka. Akasema sayansi haichukui jibu la mtu mmoja. Wagonjwa tungegawanywa makundi mawili kwa kura, ili pasiwe na upendeleo. Siku ya kura muuguzi, mama mmoja wa Kiha mwenye sauti nene, alitusalimia "Mwakeye" sote kwa pamoja, akapitisha kikapu cha karatasi zilizokunjwa. Zenye alama ya nyumba ni za kutembeleana. Tupu ni za kliniki peke yake. Wenzangu walichukua tu. Mimi nilisoma dua. Sikuomba kupona, nasema kweli. Niliomba ile alama ya nyumba. Nilipoifungua karatasi nikaiona, machozi yakanitoka mbele za watu, muuguzi akadhani nimeogopa, akanipa pole.

Mwenza niliyepangiwa alikuwa mkimbizi kutoka ng'ambo ya ziwa, Mkongomani, mwanamke wa rika langu, mrefu, Mkristo, mpangaji wa chumba kimoja mtaa wa chini karibu na ufukwe. Alikuwa wa kambini, ila ugonjwa wa moyo ulipomzidi akaandikiwa karatasi ya kukaa mjini kwa matibabu, na karatasi hiyo ilihuishwa kila kliniki. Utaratibu ulikuwa mwepesi. Jumatatu mimi niende kwake, Alhamisi yeye aje kwangu. Tubonyezane miguu, tuulizane vidonge, mmoja akizidiwa mwenzake atoe taarifa. Ndiyo hayo tu. Alivyosema daktari, ziara haizidi nusu saa.

Nusu saa! Huyo daktari sijui alizaliwa wapi.

Alhamisi ya kwanza nilifagia ua tangu alfajiri, nikipumzika kila nikifagia hatua chache. Akaja akasimama nje ya mlango na kitenge chake kimefungwa vizuri. "Yaya," akaniita, kwao ndivyo wanavyomwita dada mkubwa, "njo miye ule balikuambia atakuja."

Nikamwambia karibu shoga, na mimi ndiye yule waliyekuambia utamkuta. Tukabonyezana miguu kama tulivyofundishwa, tukaulizana vidonge, kazi ikaisha. Akataka kuinuka. Nikamwambia kaa chini. Mgeni wangu wa kwanza baada ya sijui muda gani, aondoke na mate mdomoni? Nilikuwa nimeshapika migebuka, samaki wetu wa ziwani, wawili, kwa mawese, na ugali wa muhogo, na nimeutia mchuzi chumvi ya Uvinza kama inavyotakiwa.

Msinione mpumbavu. Nilijua amri ya daktari, na mwenyewe nilikuwa nimeshakula chapwa, chakula kisicho na chumvi, siku nyingi. Lakini kumpa mgeni mchuzi chapwa kwetu si kosa dogo. Chapwa unampa mtu unayetaka asirudi. Mama yangu alikuwa akitaka kumkatisha mtu tamaa ya nyumba yake haongei, anapunguza chumvi tu, na aliyekula anaelewa, anaaga kwa adabu, hamumwoni tena. Sasa mimi nimeomba dua nipate mtu wa kuja kwangu, halafu nimwekee chapwa?

Na yeye alijua amri hiyohiyo. Akala. Angekataa ningekasirika, na angekasirika yeye kama ningekula kwake nikiacha. Jumatatu nilipokwenda chumbani kwake nilikuta sombe, kisamvu cha kwao, imepondwa vizuri, imetiwa dagaa wakavu waliokolea chumvi, na tako la chungu limebaki na mafuta ya mawese. Tulikula kwa raha, tena kimyakimya mwanzoni, kila mmoja akijifanya hamnazo. Baadaye mdomo ukafunguka. Nikamweleza habari za Ilagala zote, na mambo ya mke mwenzangu ambayo sikuwahi kuyatamka. Yeye akanieleza usiku waliokimbia, namna mumewe na watoto wake wawili wa kiume walivyopanda boti nyingine kwa sababu aliyopanda yeye ilijaa. Boti ya kwake ikafika. Ile nyingine haijulikani ilishukia wapi.

Ndiyo maana hakutaka kambi. Kambi ilikuwa mbali na ziwa. Chumba chake kilikuwa karibu na ufukwe, na kila boti ikiingia anashuka kuuliza. "Kule ndani ya pori nani ataniambia kama batoto banafika?" aliniuliza siku moja. Nikamwongeza sombe.

Kwa hiyo tuliendelea hivyo, Jumatatu na Alhamisi. Siku nyingine nilikula chapwa kwa uaminifu, ugali na mchicha wa kuchemsha, peke yangu jikoni, na sikulalamika. Siku za ziara nilipika. Nilianza kuipenda wiki kwa ajili ya siku zake mbili.

Kliniki ilipofika daktari akabonyeza miguu. Akabonyeza tena. Shimo lilikuwa lilelile, au kubwa zaidi. Mwenzangu naye hivyohivyo. Akauliza kama tunameza vidonge, tukaapa, mimi kwa Mungu wangu na yeye kwa wake, na ilikuwa kweli. Akaongeza dawa. Nikamwona ananong'ona na muuguzi na kukuna kichwa, kwa sababu kumbe kikundi chetu chote kilikuwa hivyo. Wale waliochukua karatasi tupu, wanaokuja kliniki na kurudi kwenye upweke wao, miguu yao ilikuwa imenywea.

Alhamisi moja baada ya hapo mwenzangu alikuja akiwa amechoka kuliko kawaida. Tukala. Nakumbuka alichovya ugali kwenye mchuzi, akaurudisha sahanini, akasema, "Yaya, pumuzi." Kisha akaanza kuhema. Nilikuwa najua kukosa pumzi kwangu mwenyewe, lakini kumwona mwenzio akiikosa ni jambo jingine. Macho yalimtoka, midomo ikageuka rangi, kifuani kunachemka. Nilimshika nikamkalisha wima, nikamkumbatia kwa nyuma asianguke, nikapiga kelele nilizosahau kama ninazo. Majirani waliokuwa wakiniogopa wakaja, sina budi kusema hivyo, wakampakia kwenye mkokoteni wa maji hadi walipopata gari. Nilikuwa na tonge mkononi muda wote huo. Niliogopa, jamani. Niliogopa akifa, na nikaogopa pia kwamba akifa nitarudi kuwa nilivyokuwa, na mambo yote mawili niliyaogopa kwa pamoja.

Hospitali walimchoma sindano, akakojoa maji mengi, pumzi ikarudi. Siku ya pili yake daktari akaja kwangu mwenyewe, ili ajue ilikuwaje. Hakunipa taarifa kwamba anakuja. Nikamkaribisha kitini, nikamweleza yote, na wakati namweleza mikono yangu haikukaa: niliwasha moto, nikakaanga, nikasonga. Akasema, "Mama, usijisumbue, sikai." Nikamwambia daktari, ukitoka humu bila kula mtaa mzima utasema nimekufukuza. Akatii. Alikula tonge la kwanza, la pili, kisha akaacha kutafuna, akatazama bakuli.

"Hiki ndicho chakula chako cha kila siku?"

"Si cha kila siku. Hicho ni cha siku ya mgeni."

"Na mwenzako akija?"

"Mwenzangu si mgeni?"

"Ukiwa peke yako unakula nini?"

"Ugali na mchicha. Chapwa, kama ulivyosema."

"Kwa hiyo unaweza kula bila chumvi."

"Naweza," nikamwambia. "Nani ananiona?"

Akaiweka mikono yote miwili kichwani, na vidole vina mchuzi. Sikujua kama anacheka au analia. Kisha akamalizia kula, maana alikuwa amelelewa vizuri, akaondoka haraka.

Akazunguka nyumba za kikundi chetu chote, huko Mwanga, huko Kibirizi, huku Ujiji. Hakukuta hata moja ambamo mwenza alipewa chapwa. Mzee mmoja alikuwa amemchinjia mwenzake mbuzi, wakala siku mbili. Kila mtu alikuwa anatunza amri ya daktari akiwa peke yake, na kila mtu alikuwa anaivunja kwa heshima ya mwenzake. Kila ziara ilikuwa inatuongezea maji.

Tukaitwa hospitali. Daktari alitueleza taratibu, bila kutugombeza, na hiyo ikaniuma zaidi. Alisema utafiti ni lazima useme kilichoonekana, na kilichoonekana ni kwamba walio peke yao wana nafuu kuliko sisi. Alisema hawezi kuendelea na jambo linaloumiza watu, na ameamua ziara zisimame.

Nilisimama. Nilikuwa nimeapa kukaa kimya, lakini mdomo wangu hauna komeo. Nikamwambia, "Daktari, wewe hukupima kutembelewa. Umepima chumvi. Kutembelewa bado hujakupima." Muuguzi akanivuta kanga nikae, nikaivuta kanga yangu. Nikamwambia ikiwa kosa ni chungu, tutarekebisha chungu. Lakini akizifunga ziara zetu, hizo dawa zake atamnywesha nani, maana mimi sitaona sababu ya kuzimeza. Nilisema hivyo mbele ya kila mtu, na sikuwa nafanya maigizo. Mwenzangu alikuwa kwenye benchi, bado dhaifu, akanitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni.

Daktari alichezea kalamu, akasema sawa. Mpaka kliniki ijayo. Miguu isiponywea, basi.

Siku hiyohiyo nilichukua kopo langu la chumvi nikampelekea mwenzangu akae nalo, naye akanipa la kwake. Hakuna kati yetu aliyejiamini na la kwake. Nikalifunga kopo lake kwa kitambaa nikalisukuma chini ya kitanda.

Mlo wa kwanza wa chapwa tuliokula pamoja sitausahau. Ilikuwa Alhamisi, kwangu. Nilipika migebuka walewale kwa mawese yaleyale, nikanyunyizia ndimu. Nilipoweka bakuli mbele yake sikuweza kumtazama. Akaonja. Kisha akasema, "Yaya, unanifukuza?" na akaanza kucheka, akacheka hadi akashika kifua, nikahofia pumzi yake. Mimi sikucheka. Nilijisikia kama nimemvua mgeni nguo. Akanishika mkono akaupeleka bakulini, tukala mpaka tukamaliza, na kilikuwa kibaya kweli.

Baadaye tukajifunza. Ndimu, tangawizi, pilipili mbuzi, nyanya nyingi zilizoiva sana. Sombe ya karanga bila dagaa wa chumvi. Hakikuwa chakula cha sifa, lakini tulizoea, na kwa kuwa chakula hakikuwa na utamu wa kutunyamazisha tukawa tunaongea zaidi. Alinifundisha nyimbo za kanisani kwao, nikazipenda, mradi nisiziimbe msikiti unaposikia. Nilimsindikiza ufukweni boti zikiingia. Mwanzoni tulikuwa tunapumzika njiani kila baada ya nyumba mbili tatu, baadaye tukawa tunapumzika mara moja, baadaye tukawa tunapumzika kwa uvivu tu. Kliniki ilipofika daktari akabonyeza mguu wangu, kidole kikaondoka na ngozi ikarudi mahali pake. Akaita muuguzi aje aone. Ziara zikaendelea.

Zikaendelea kwa miezi mingi, na naweza kusema ile ndiyo miezi niliyoishi vizuri kuliko yote. Siamini kama kuna ndoa iliyonipa raha ile.

Kisha zikaja habari kwamba kwao kumetulia kidogo, na kwamba karatasi za kukaa mjini zitapunguzwa. Mwenye ugonjwa mzito abaki karibu na hospitali. Mwenye nafuu arudi kambini akasubiri safari ya kurudishwa kwao, na dawa atazikuta huko kwenye zahanati. Kliniki iliyokuwa mbele yetu ndiyo ingeamua, na ilikuwa ya mwisho kwa utafiti.

Mwenzangu akaja siku ambayo haikuwa ya ziara. Hakukaa. Alisimama katikati ya chumba akasema, "Yaya, nipe chumvi yangu."

Nikaelewa papo hapo, lakini nikamwuliza ya nini.

"Miguu ivimbe. Bakiona imevimba, batanipa karatasi. Kidogo tu. Mpaka kliniki ipite."

Nilikaa kitandani. Kopo lilikuwa chini yangu palepale. Chumvi, jamani, inauzwa kila duka Ujiji, hata mtoto anatumwa kuinunua. Hakuhitaji kopo lile. Alikuja kwa sababu alitaka nikubali. Alitaka nimwambie baki, hata kwa kuvimba, baki nami; na mimi ndicho nilichokuwa nakitaka kuliko kitu chochote duniani, na nilikuwa na njia ya kukipata, naye mwenyewe ameniletea mlangoni.

Lakini nilikuwa nimemshika kifua kile. Nilikuwa nimesikia kinavyochemka. Daktari alituambia baada ya siku ile kwamba mapafu yakijaa tena namna ile, hawezi kuahidi kwamba sindano itawahi. Chumvi haijui "kidogo tu mpaka kliniki ipite."

Nikamwambia, "Sikupi."

"Ni yangu."

"Najua ni yako. Sikupi. Na ukienda kununua dukani nitakujua kwa miguu yako, nitamwambia daktari mimi mwenyewe."

Nilitamani anitukane, nina uzoefu wa matusi. Akasema taratibu tu, "Nilizani weye unapenda nibakie." Akatoka. Nikajifunga kanga tumboni nikalia hadi nikakosa pumzi, na safari hii haikuwa maji.

Alhamisi akaja, hata hivyo. Sikutegemea. Nilipika chapwa, akala chote, akafuta bakuli kwa tonge la mwisho. Tulipobonyezana miguu, aliacha kidole chake juu ya muundi wangu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Wala yeye wala mimi hatukuzungumzia chumvi tena. Jumatatu nilikwenda kwake, na ilikuwa hivyohivyo.

Siku ya kliniki daktari alimbonyeza yeye kwanza. Ngozi ikarudi. Akamsikiliza kifua, akatabasamu, akampa mkono. "Umenifurahisha sana, mama," akamwambia. "Ungeweza kuwa marehemu wewe." Akamwandikia dawa za kambini za miezi kadhaa, na pale palipoulizwa hali yake akaandika nafuu, na angeandika nini kingine? Gari la kambi lilikuwa nje tangu asubuhi, linakusanya wagonjwa wa kurudi. Mzigo wake alikuwa ameshaufunga tangu jana yake, kumbe, na mimi hakuniambia.

Nilimsindikiza hadi garini. Nilikuwa nimepanga maneno, mimi mwenye maneno, yakapotea yote. Akapanda akakaa dirishani. "Yaya," akasema, "boti zikiingia, uniulizie batoto bangu." Akanitajia majina yao polepole, kana kwamba sikuwa nayajua kwa moyo. Nikamwambia nitauliza kila boti. Gari likaondoka likiwa na watu wengi, na sikuona mkono wake ni upi kati ya mikono iliyopunga.

Nikarudi ndani kwa zamu yangu. Daktari alinibonyeza, akanisikiliza, akaniambia moyo wangu umepungua ukubwa, jambo ambalo si kawaida. Alikuwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi. Akaniambia mara tu sisi wa kikundi chetu tulipoacha chumvi tuliwapita wale wa karatasi tupu, tena kwa mbali. Kwamba nilikuwa na haki siku ile niliyosimama. Kwamba sasa atarudi Dar es Salaam na atawaeleza madaktari wenzake, kwa uhakika, kwamba mgonjwa wa moyo asiachwe akae peke yake.

Nikamwambia hilo ni jambo jema, na Mungu amjalie. Kisha nikamuuliza Alhamisi atakuja nani kwangu.

Akatazama chini, akachezea kalamu.

"Utafiti umekwisha, mama," akasema.